Nje ya Mpaka wa Mji

Kaka yangu Aflah alistaafishwa kwa umri wa mtu mwingine. Ofisini kwake hawakukosea. Walifuata karatasi, na karatasi ilikuwa ya kweli, ina muhuri na saini, na saini yenyewe ilikuwa ya baba yetu. Tatizo lilikuwa dogo tu: aliyezaliwa katika karatasi ile alikuwa amekufa zamani, na huyu aliyekuwa hai hakuandikwa popote kwamba amezaliwa.

Naandika haya nisije nikayasahau. Waliokuwa wakiyajua wamekwisha, nimebaki peke yangu.

Baba yetu, Mzee Muslim bin Hatem, alikuwa karani wa vizazi na vifo katika mji wa Unguja, enzi ya Mwingereza. Serikali ilitaka kujua kutoka kwake mambo manne: nani kazaliwa, nani kafa, kwa maradhi gani, na mvua imenyesha kiasi gani. Mvua iliingizwa humo kwa sababu daktari mkuu alitaka kuona kama homa inafuata mvua au mvua inafuata homa. Basi kila siku saa tatu asubuhi baba alikwenda nyuma ya ofisi, palipokuwa na mkebe wa shaba ndani ya ua mdogo, akamimina maji ya mvua katika gilasi yenye alama, akasoma, akaandika. Kisha alirudi mezani kwake kuwangoja wafiwa. Ndani ya mji mtu hakuzikwa bila ya kibali, na kibali kilitoka mkononi mwa baba.

Alitusimulia mengi ya kazi ile. Watu walikuja kumwambia kwamba maiti wao kafa kwa jicho la jirani, au kwa sababu alioga maji ya baridi magharibi, au kwamba siku zake zimefika tu, Bwana Karani, unataka tukwambie nini tena? Fomu ya Kiingereza haikuwa na nafasi ya jicho la jirani. Baba akaandika: homa. Mwenye homa aliandikwa homa, na asiyekuwa na homa aliandikwa homa pia, madhali jamaa zake hawakuweza kueleza. Mwisho wa mwaka daktari mkuu akaandika ripoti kwamba homa imezidi mjini, na madimbwi yakamwagiwa mafuta ya kuua mbu. Mwaka mmoja aliandika kwamba homa imepungua sana kwa juhudi za serikali. Mwaka huo baba alichukua likizo ya miezi miwili wakati wa masika, na karani aliyeshika nafasi yake alipenda zaidi neno "tumbo".

Baba akifika hapo alicheka mpaka akafuta machozi. Kuna kifo kimoja tu ambacho hakukitaja kamwe, wala hakukiandika.

Sisi tulikuja Maskati mwaka 1974. Waliokuja wakati ule, wengi wao hawakuwa na karatasi yoyote. Walikaa mbele ya kamati ya uraia, kamati ikawatazama usoni ikawakisia umri, na nusu ya watu wa Darsait, mtaa wetu, wakawa wamezaliwa siku moja, tarehe mosi Januari. Jirani yetu Bwana Osama alikwenda mbele ya kamati siku aliyotoka kunyoa ndevu. Alipunguziwa miaka saba, na tulipokuwa tukihangaika na mambo haya ninayoyasimulia yeye bado alikuwa akienda kazini, anapiga honi chini ya dirisha letu. Sisi tulikuwa watu wa karatasi. Baba alivuka bahari na vyeti vyetu vya kuzaliwa vimefungwa kwa kitambaa kifuani, akavitoa mbele ya kamati kimoja kimoja. Walimsifu. Walisema hawajaona bado familia yenye mambo yaliyonyooka kama yetu.

Aflah aliajiriwa mwaka ule ule katika idara ya maji, na kazi aliyopewa ilimchekesha kila aliyemjua baba. Alipewa kupima mvua. Huko Unguja baba alimimina mikebe iliyofurika. Huku kaka yangu alipanda majabali ya juu ya Al Amerat kwa gari la serikali, akafungua mkebe, akakuta vumbi na pengine mjusi, akaandika sifuri. Alikuwa na mikebe kumi na minne. Kuna miaka aliandika sifuri miezi minane mfululizo, kwa mwandiko mzuri. Kisha siku moja mbingu zinafunguka, mabonde yanajaa yakachukua magari, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na furaha.

Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka katika kazi ile. Alitaka afikishe miaka ishirini na mitano ya vipimo, mikebe ile ile, mkono ule ule, ili utoke wastani wa kuaminika. Aliyaanza mwezi wa tano 1974, kwa hiyo yangetimia mwezi wa tano 1999. Kwa umri wake wa kweli angestaafu mwezi wa saba wa mwaka huo, akiwa amemaliza na amebakisha siku za kuaga. Alishazihesabu.

Barua ilikuja mwezi wa tisa 1996. Alituletea Darsait siku ya Ijumaa baada ya chakula. Nilikuwa nakaa na baba, tangu mama yetu Bi Sayyida alipofariki, pamoja na Bi Nunu, mdogo wake mama. Baba alikuwa kwenye kiti chake, redio mapajani.

"Baba, nimeletewa barua," Aflah alisema. "Wananitoa mwezi wa tatu."

"Wanakutoa wapi?"

"Kazini. Ati natimia sitini."

"Mashallah. Mungu akuzidishie."

"Baba, mimi nna hamsini na saba."

"Cheti kinasemaje?"

"Cheti si changu, baba. Unajua."

Baba akanyoosha mkono kwenye redio. Nilidhani anataka kuizima. Akaiongeza sauti.

"Iongeze!" Bi Nunu akasema kutoka kwenye mkeka. "Iongeze bado, hawajasikia Mutrah. Mtoto anakuuliza jambo lake wewe unamjibu kwa habari za ulimwengu."

Aflah alikunja barua akaenda jikoni kunitafuta. Aliniomba nimfuate ofisini Jumamosi, kwa sababu yeye akianza kueleza mambo ya nyumbani hupandwa na hasira akasahau Kiarabu chake.

Afisa wa watumishi alikuwa msichana anaitwa Rawan. Bibi yake alikuwa wa Unguja, kwa hiyo alitukaribisha kwa Kiswahili cha nyumbani, cha kuamkia wakubwa na kuombea chumvi, akaagiza chai. Aflah alimweleza tangu mwanzo. Alisikiliza vizuri.

"Nimefahamu, ami," alisema. "Wewe ni Aflah wa pili."

"Ndiyo."

"Na wa kwanza yuko wapi?"

"Amekufa. Mwaka wa thelathini na nane."

"Nipe cheti cha kifo chake."

"Hana."

"Basi yuko hai." Alifungua faili, akapitisha kidole. "Yuko hai, na ndiye anayefanya kazi hapa tangu sabini na nne. Wewe ndiye nisiyekuona."

"Mwanangu, mimi hapa nnakunywa chai yako."

"Kwa macho nakuona, ami, mashallah. Kwenye faili sikuoni."

Hakuwa akidhihaki. Alikuwa na huruma kweli, akatuandikia kwenye kijikaratasi njia tatu: cheti cha kuzaliwa cha Aflah wa pili, au cheti cha kufa cha Aflah wa kwanza, au baba aende mahakamani akiri mbele ya kadhi kwamba mtoto wake wa kwanza alikufa na huyu ni mwingine.

"Baba yenu yupo?" aliuliza.

"Yupo."

"Na akili zake anazo?"

"Anakumbuka mvua ya kila mwezi tangu mwaka thelathini na tatu," nikamwambia.

"Basi hii ni shughuli ya asubuhi moja!"

Tulitoka tumefurahi. Njiani Aflah alinunua matikiti mawili.

Baba alikula tikiti, akasikiliza, akafuta mikono. Akasema, "Yule mtoto alifia Mwera. Mwera ni nje ya mpaka wa mji. Buku langu lilikuwa la mji."

"Hakuna anayekuuliza buku, baba. Ukaseme tu."

"Nikaseme nini? Kifo cha nje ya mpaka hakikunihusu."

"Kwani shamba watu hawafi?" Bi Nunu akauliza.

"Wanakufa. Hawaandikwi."

Akaomba kipande kingine cha tikiti, na tukajua mazungumzo yamekwisha.

Kisa chenyewe nilikisikia kwa Bi Nunu, jikoni, wiki ile ile, na nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Mama hakuwahi kunieleza. Aflah wa kwanza alizaliwa mjini mwezi wa tatu 1937, na baba alimwandika siku ya pili yake. Bi Nunu alisema aliandika jina la mwanawe kwa wino mweusi mzito kuliko wote wa ukurasa ule. Masika ya mwaka uliofuata mtoto akaumwa. Wakati ule watu waliamini hewa ya mji ndiyo inayoua watoto, na baba, ambaye kila mwezi alijumlisha watoto waliokufa mjini, aliamini kuliko wote. Yeye ndiye aliyeamrisha mama na mtoto wapelekwe shamba kwa babu. Alibaki kazini, kwa sababu masika ndiyo miezi ya mvua nyingi na maiti wengi. Alhamisi alifunga ofisi akenda kwa baiskeli, mvua inanyesha njia nzima. Alipofika walikuwa wameshamzika tangu adhuhuri.

"Alisimama mlangoni anatiririka maji," Bi Nunu alisema. "Nilikuwa na miaka minane. Akauliza, 'Amelala?'"

Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa kwenye mkebe wake. Aliandika mvua. Katika daftari la vifo aliwaandika wengine. Kwa huyu alikuwa na sheria iliyomlinda: amefia nje ya mpaka.

Mama alipopata mimba tena alikataa kuzaa mjini. Kwa hiyo kaka yangu naye alizaliwa Mwera, ambako hakuandikwa mtu, na akapewa jina la nduguye kama anavyopewa mtoto nguo mpya ambayo mwenyewe hakuwahi kuivaa. Ilipofika zamu ya skuli wakataka cheti. Baba alifungua sanduku akatoa kilichokuwepo. Kina jina lake, jina la baba, jina la babu, yote sawa. Tofauti ilikuwa miaka miwili tu, na kaka yangu akawa mdogo kuliko wote darasani. Walimu wakasema mtoto wa Karani hakui.

Aflah alijaribu njia mbili nyingine kwa sababu ya tatu ilikuwa imekaa kwenye kiti na redio. Jamaa yetu Saeed, aliyekuwa akienda Unguja kwa biashara zake, aliombwa apite kwenye madaftari ya zamani. Alirudi na nakala ya ukurasa mmoja na barua yenye muhuri. Ukurasa ulikuwa wa 1937, mwandiko wa baba, na kweli jina lile lilikuwa jeusi kuliko mengine. Barua ilisema kuzaliwa kwa Aflah bin Muslim kumethibitika, na kifo chake hakikuonekana katika daftari lolote. Aflah alilipia ada na muhuri ili ithibitike kwamba yeye ana miaka aliyoikataa.

Kisha, nje ya njia zile tatu, alikwenda kwa kamati ya madaktari ya kukisia umri. Alijiamini, kwani alikuwa hana mvi nyingi. Walimtazama meno, wakampiga picha ya mifupa, wakamgeuza mikono. Mikono ile ilikuwa imekaa juani juu ya majabali miaka ishirini na miwili. Wakaandika: sitini na minne, takriban.

Rawan aliisoma karatasi ile mara moja akaikunja, akamrudishia chini ya meza.

"Ami, hii mimi sikuiona. Nikiipokea, itakuwa ulitakiwa kutoka tangu miaka minne nyuma, na wataniuliza mimi."

Mwezi wa pili ukaingia. Aflah alikuja siku moja asubuhi, amevaa nguo za kazi, akakaa chini mbele ya kiti cha baba. Hakutaja mtoto wala mahakama.

"Baba, nna miaka ishirini na miwili na miezi tisa ya vipimo."

"Vya mikebe ile ile?"

"Mikebe ile ile. Hakuna aliyeigusa isipokuwa mimi. Nikitoka mwezi ujao itakuwa ishirini na mitatu kasoro."

"Ishirini na mitatu si kitu," baba akasema.

"Najua."

"Wastani wa mvua ni miaka ishirini na mitano. Na kwa nchi kavu kama hii, hiyo ndiyo ndogo kabisa. Chini ya hapo ni porojo."

"Ndiyo nnavyokwambia, baba. Nitaacha porojo."

Baba akanyoosha mkono. Akazima redio. Nilikuwa mlangoni na sinia na sikuthubutu kuingia.

"Mwambie Hamdiya anipigie pasi kanzu," akasema, kama kwamba mimi sipo pale. "Kesho tutakwenda kwa huyo kadhi."

Bi Nunu alikasirika mno. "Miezi mitano tunamlilia kwa ajili ya mwanawe, hakusikia. Ameambiwa mvua, kainuka!" Lakini aliipiga pasi kanzu yeye mwenyewe, na kofia akaitia wanga.

Mahakamani tulikwenda sote wanne. Baba alikuwa na miaka themanini na minane, na katika mfuko wa kifuani alitia kalamu ya wino aliyokwisha kuijaza nyumbani. Kadhi alikuwa mtu mpole, akamwinukia. Alimwuliza kwa Kiarabu, na baba alimjibu kwa Kiarabu cha Unguja ambacho kilimfanya karani wa mahakama ajikune pua asicheke.

"Mzee wangu, ulikuwa na mtoto jina lake Aflah kabla ya huyu?"

"Nilikuwa naye."

"Na alikufa?"

"Nipe fomu," baba akasema.

"Hakuna fomu, mzee. Wewe sema, karani anaandika."

"Kuandika ni kazi yangu mimi."

Kadhi akamtazama Aflah, akamtazama baba, akampa karatasi nyeupe. Baba akavuta sanduku la tishu lililokuwa mezani, akalitumia ukingo wake kuchora mistari. Alichora taratibu, safu saba, chumba kizima kinamngoja. Juu ya kila safu akaandika kichwa chake, kama alivyokuwa akifanya. Jina: aliandika. Mwanamume au mwanamke: aliandika. Umri: mwaka mmoja na mwezi mmoja. Mahali: Mwera, na akaongeza kwa herufi ndogo, nje ya mpaka wa mji. Tarehe aliijua. Mvua ya siku ile aliijua pia, mpaka nukta yake, na aliiandika haraka kuliko yote. Ikabaki safu ya saba, sababu ya kifo. Kalamu ikasimama.

Tulingoja. Karani alikohoa.

"Andika homa," Bi Nunu akanong'ona kwa Kiswahili. "Shemegi, alikuwa anaungua kama mkaa. Mimi nilimgusa. Andika homa twende zetu."

"Homa nilikuwa nikiandika nisipojua," baba akamjibu.

"Basi si hujui? Andika homa."

"Huyu si wa kuandikiwa hivyo."

Kadhi akauliza wanasema nini, Aflah akamfasiria. Kadhi akasema kwa upole kwamba yeye hakuhitaji sababu. Mtu akifa amekufa, na mwenye sababu zote ni Mwenyezi Mungu.

"Kwako wewe," baba akasema. "Fomu ikija kwangu haina sababu nilikuwa nikiirudisha. Niliwarudisha watu mvuani, sheikh, maiti yao iko nyumbani. Nikawaambia wende wakaulizane."

"Basi iache karatasi. Kiri kwa mdomo. Sema: mwanangu Aflah wa kwanza alikufa."

Baba alifungua kinywa. Nilikuwa upande wake na niliona alikuwa akitaka kusema, midomo ilishajipanga. Kisha akamgeukia Aflah, si kadhi, akasema, "Sikuwepo. Waliniambia tu. Mimi sikuwepo."

Shahidi asiyekuwepo hana la kushuhudia, hilo hata mimi nalijua. Kadhi hakuandika kitu. Angeweza kumbana, na nafikiri angepata alilolitaka baada ya dakika kumi. Lakini Aflah alikuwa amekwisha kusimama. Aliichukua karatasi ya mistari, akaikunja mara nne, akamsaidia baba kuinuka.

"Tumekusumbua, sheikh," alisema.

"Mlango uko wazi. Njooni siku yoyote."

"Inshallah," Aflah akasema, kwa sauti ile ambayo kila mtu wa nchi hii anajua maana yake.

Tulirudi kwa gari. Aflah anaendesha, baba mbele, mimi na Bi Nunu nyuma. Tulipokaribia Darsait baba akasema:

"Alikuwa na meno manne."

"Nani, baba?"

"Nduguyo. Mawili juu mawili chini. Nikirudi kazini alikuwa akinivua kofia akaiuma. Mamako alikuwa akinigombeza, kofia zote zina alama za meno." Akaishika kofia yake. "Mvua ikinyesha alikuwa akiipigia makofi. Nikamwambia mamako, huyu atachukua kazi yangu."

Njia ya kuingia nyumbani tuliipita. Bi Nunu alifungua mdomo atuambie, nikamfinya. Aflah aliendelea na barabara, tukapita Mutrah, tukapita Maskati yenyewe, tukapanda kilima tukateremka mpaka Bustan. Hapo alizunguka mbele ya hoteli pole pole, mlinzi anatutazama, tukarudi njia ile ile. Muda wote baba alikuwa akisema na Aflah alikuwa akiuliza. Alikuwa mweupe au maji ya kunde? Alitambaa? Jina langu nani alilichagua, nyinyi au yeye alikuwa kesha nalo? Swali hili la mwisho lilikuwa la kipumbavu na baba alicheka.

Mahakamani hatukurudi. Rawan alipiga simu mara mbili kuuliza, mara ya pili akasema zimebaki siku sita. Aflah alimwambia, "Mwache na cheti chake, mwanangu. Ndicho kitu pekee alichonacho."

Alistaafu mwezi wa tatu 1997. Walimfanyia hafla, wakasoma tarehe ya kuzaliwa ya Aflah wa kwanza na wote wakapiga makofi, na mkurugenzi akasema hamwoni kama mtu wa sitini. Aflah akamjibu kwamba hata yeye hajioni. Mikebe kumi na minne iliondolewa zikawekwa mashine zinazopima zenyewe. Mwaka wa kwanza mashine ya Al Amerat ilirekodi mvua kila asubuhi katika mwezi wa sita, mpaka walipotuma mtu akakuta mbuzi wamevunja ua wanaisugulia migongo. Wastani walioutoa ulikuwa wa miaka ishirini na mitatu. Baba aliposomewa alisema, "Porojo." Kwa miaka mitatu iliyobaki kaka yangu alikuja Darsait kila siku asubuhi, wakakaa wawili, na mimi niliwapelekea kahawa. Siku nyingi walikuwa wakigombana kuhusu mvua. Baba alifariki mwaka 2000, na Bi Nunu akamfuata mwaka huo huo, akilalamika kwamba hata hapo hakumngojea.

Aflah mwenyewe alifariki 2004, ghafla, baada ya sala ya alfajiri. Alikuwa na miaka sitini na mitano. Siku ya pili yake nilikwenda kuandikisha kifo. Mwanawe Safwan alikuwa akitafuta pa kuegesha gari, nikaingia peke yangu na karatasi ya hospitali. Karani alikuwa kijana, ana kompyuta, ana haraka lakini ana adabu.

"Jina?"

"Aflah bin Muslim bin Hatem."

"Alizaliwa lini, mama?"

Kaka yangu alikwisha toka katika mambo ya idara na kamati. Hakuna ambaye angekataa neno langu siku ile, au pengine wangekataa, sijui. Sikujaribu. Nilitaja mwezi wa tatu, 1937.

Akaandika. Akauliza amefariki lini, nikasema jana. Sababu aliinakili mwenyewe kutoka karatasi ya daktari, na mvua hakuniuliza. Akapiga muhuri, akaniinulia macho, akasema Mungu amrehemu.

"Awarehemu," nikasema.

Akadhani msiba umenichanganya, akainuka akaniletea kiti.